Zoezi la Nyuma ya Pazia

Shoga, leo uso wangu nauficha wapi?

Si unajua yule mshauri wangu wa mtandaoni, niliyemtafuta kwa sababu kifua kinanibana nikitaka kumkatalia mteja? Nimejibanza kwenye chumba cha kupimia nguo cha duka langu la ushonaji, visikizio masikioni, naongea naye. Akasema tufanye zoezi, yeye awe mteja, mimi nimwambie ukweli.

Nikapaza sauti: "Dada, kitambaa cha gauni lako la harusi hata sijakikata! Nimekudanganya!"

Akanipongeza. Nikafungua pazia.

Bibi harusi mwenyewe! Kasimama, viatu vya kujaribia gauni mkononi, machozi yanamlengalenga.

"Fundi, kumbe?"

Na unajua nilimjibu nini? "Aa, hilo la mwingine. Lako njoo kesho."

Njoo kesho! Mimi!

Mshauri bado yuko sikioni. Akauliza taratibu: "Kesho?"