Kibla ya Sultani

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu, na kwamba unakula, si kuonja tu. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta, nami nimeshauzoea.

Vipimo nilivyochukua nilipokuja likizo nimevihakiki upya. Msikiti alioujenga Sultani, ambamo wewe umekuwa ukiadhini tangu sijazaliwa, umekengeuka kibla kwa nyuzi kumi na saba. Waashi wake bila shaka walifuata nyota kwa uangalifu wote wa zama zao, kwa hiyo nasita kuliita kosa. Hata hivyo kamati ya msikiti iliniomba matokeo, nami nimeyapeleka. Sidhani kama litabadilika jambo kubwa.

Binti yako


21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, linazeeka na mwenyewe.

Jambo kubwa limebadilika. Waumini wote wamehamia msikiti mpya wa pale stendi. Naadhini, nakimu sala, nageuka nyuma: mikeka mitupu. Juzi fundi saa alisimama mlangoni akaniuliza, “Mzee, hivi huyo Sultani wako alikuwa na makengeza?” Nikamwambia, “Na wewe saa zako zinabishana ukutani siku zote, mbona hatukukuhama?” Akacheka, kisha akaenda zake stendi kuswali.

Sikulaumu. Kipimo ni kipimo. Nina swali moja tu. Mama yako tulimlaza nyuma ya kuba la Sultani, tukafuata kaburi la Sultani lilivyokaa. Je, uso wake unatazama wapi?

Baba yako


5 Machi

Baba,

Shikamoo. Swali lako nimelibeba darasani na njiani. Wanavyuoni wengi wanaona kwamba aliye mbali hutoshelezwa na kuelekea upande wa kibla, hata asipoilenga nukta yenyewe. Na aliyezikwa kwa nia njema hafukuliwi. Naamini hivyo, ingawa sina hakika kama naamini kwa sababu ya hoja au kwa sababu ni Mama.

Kamati imeniomba pia ramani ya safu mpya za makaburi, zifuate kibla iliyosahihishwa. Nimeichora na kuituma.

Binti yako


17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Kwa kuwa wewe na simu hamjawahi kupatana, nimempigia fundi saa. Amesema, “Yupo, anatembea, ila siku hizi ukimsalimia anakujibu kama karani wa benki anayetaka kufunga dirisha.” Nimecheka, kisha sikulala vizuri. Kama nimekukosea, niambie.

Binti yako


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Niwie radhi kwa kimya. Kinywa kilikuwa kizito, mkono nao ukafuata.

Walikuja na kamba na vigingi, wakaifuata ramani. Safu ya kwanza imekatiza mshazari ubavuni pa mama yako, pale nilipojiwekea nafasi. Nikasema hapo ni pangu. Mwenyekiti akanijibu kwa adabu kabisa, “Mzee wetu, mchoro huu ni wa binti yako.”

Wanasema nitapewa nafasi papo hapo karibu, ila nilazwe kwa mstari mpya. Mama yako atazame kule, mimi huku, kama watu waliopanda kitandani wamenuniana. Na wewe unamjua: hakuwa akizima taa mpaka nikubali kosa, hata lisilo langu. Hatukuwahi kulala na ugomvi.

Sikuombi useme uongo. Nakuuliza tu kama ukweli wako una nafasi ya mtu mmoja.

Baba yako


14 Mei

Baba,

Shikamoo. Nafasi ipo.

Nimemwandikia mwenyekiti kwamba zile nyuzi kumi na saba ni za kweli, na kwamba, kwa wanavyuoni niliowasoma, aliyelazwa kama alivyolazwa Sultani hajatoka upande wa kibla. Yote mawili nayasadiki. Sijui kama ningejisumbua kuyaandika kwa ajili ya baba wa mtu mwingine. Swali hilo nimeliacha wazi, kama tufanyavyo watu wa fani yangu ya upimaji tunapoliogopa jibu. Leo amenijibu. Amekubali, ila anataka ramani iliyorekebishwa, yenye sahihi yangu.

Nimeimaliza jioni hii. Safu ya kwanza nimeisogeza mbali kidogo, na ubavuni pa Mama nimechora mstatili mmoja, sambamba naye, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Nikaukagua kama ninavyokagua kila kazi: urefu, upana, pembe. Ulikuwa umekaa sawasawa. Nikainua kichwa nimtafute mtu wa kumwonyesha, na chumbani hapakuwa na mtu. Ndipo nilipotambua, Baba, kwamba nimekuchorea kaburi, na kwamba nimelichora vizuri.

Binti yako