Damu ya Akina Mwanakombo

Jumatatu, 3 Februari

Nyuso nne leo, zote za wageni. Natoa damu mkononi, naitia kwenye mashine ya kuzungusha, nasubiri maji ya manjano yajitenge juu, nampa daktari adunge usoni. Kila mtu na damu yake. Hiyo ndiyo tiba ya ngozi iliyoungua jua, na ndiyo kazi yangu hapa Diani.

Wa mwisho, bibi wa Galu. Miaka kumi amejianika ufukweni kama papa ng'onda, sasa anataka ngozi ya mtoto. Akajitazama kwenye kioo, damu inamchuruzika kidevuni, akacheka. Nikatoka nje kutema mate.

Daktari anataka picha za watu wa hapa, za kabla na za baada, aziweke mtandaoni. Watatibiwa bure. Nimewataja akina Mwanakombo wawili wa kijijini kwetu, upande wa Msambweni. Wanalima mwani. Maji yakipwa jua liko utosini, nao wameinama humo miaka nenda miaka rudi. Mashavu yana mabaka meusi, magumu. Nimejiona mwema.

Jumanne, 4 Februari

Wamekuja na mabuibui mapya. Mama zao ni ndugu, na kila mmoja alimpa bintiye jina la mama yao mzazi. Baba zao wote wawili ni Hamisi. Kwetu hakuna anayewachanganya: huyu Mwanakombo wa Saumu, yule Mwanakombo wa Tatu. Mtu hujulikana kwa mamake. Lakini fomu ya kliniki inataka jina la baba. Nikaandika kwenye chupa zote mbili: Mwanakombo Hamisi. Nawajua tangu utotoni, nitakosaje?

Ile mashine haizunguki ikiwa nzito upande mmoja. Chupa ya huku lazima ipate mwenziwe kule. Kwa kawaida naweka chupa ya maji. Leo, kwa haraka, nikazielekeza chupa zao, moja huku, moja kule. Ikasimama, nikafungua. Chupa mbili, jina moja, rangi moja.

Daktari akanyoosha mkono, akauliza ni ya nani. Nikasema ya wa Saumu.

Sikujua. Nilisema tu. Akawadunga wote wawili, saa tano kasoro kidogo.

Jumatano, 5 Februari

Sikulala, sikula. Nimemwambia daktari. Alikuwa anachagua picha kwenye simu, hata hakuinua uso.

"Tulia. Si ni macuzo, watoto wa ndugu? Damu ni moja tu. Na usiniharibie biashara."

Ananukia marashi ya bei kubwa. Kinyaa kitupu.

Hakuna aliyewapima chochote. Picha tulizipiga, vipimo hatukufanya. Na mimi nilisomeshwa: damu ya mtu mwingine ikikuingia, na ikiwa ina virusi, dawa ya kinga hupewa ndani ya siku tatu. Zikipita, basi tena. Siku tatu zinakwisha keshokutwa saa tano.

Nikisema, kazi imekwenda, na cheti changu cha uuguzi huenda kikafuata. Nisiposema, huenda mmoja akaugua kwa mkono wangu. Hesabu nyepesi. Mbona bado nimekaa?

Alhamisi, 6 Februari

Wa Saumu ameniletea picha yake kwa simu. Uso umevimba kidogo, anatabasamu. Ananishukuru, ananiombea dua.

Sijamjibu. Nimekunja mashuka. Nimepanga pamba. Nimefuta ile mashine mara tatu. Chochote isipokuwa kupiga simu.

Daktari ameshaweka mtandaoni zile picha za kabla. Watu wanacheka mabaka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kwao, kikulacho ni mimi.

Ijumaa, 7 Februari

Alfajiri nimeswali, sijui nimesoma nini. Saa moja nilikuwa uani kwao. Wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba, wote wawili. Nikasema yote, nimesimama. Wa Tatu akaiachia kamba. Nikawaambia twende, tuwahi kabla ya saa tano.

Hospitali wamepimwa. Wote safi. Warudi baada ya wiki sita kuhakikisha. Nikaanza kulia, nikaomba radhi kwa ile damu. Wa Saumu akanikatiza.

"Ya damu niondolee. Huyu na mimi tumenyonya ziwa moja, damu yake siionei kinyaa. Siku tatu zako ndizo ninazozionea kinyaa. Na usinishike."

Nilikuwa nimemshika mkono. Nikauachia.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeandika barua mbili. Moja ya kuacha kazi. Nyingine kwa wakubwa wa afya, nimetaja jina la daktari na langu. Nimezipeleka mwenyewe, nisije nikajipa siku tatu nyingine.

Jumamosi, 22 Machi

Ramadhani. Wiki sita zimetimia. Habari nimezipata kwa mama, si kwao: majibu safi tena, wote wawili. Alhamdulillahi.

Baada ya alasiri nikaenda, nimebeba tende. Wamekaa uani, wanachambua mwani. Mabaka yako pale pale. Nikawaambia shikamooni. Wakaitika marahaba, pamoja, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nikasubiri. Uani kwao kila apitaye huambiwa karibu, hata muuza mitumba asiyejulikana atokako. Wakaendelea kuchambua. Nikasubiri tena kidogo, kisha nikawaaga.

Magharibi nimefuturu kwa tende zile zile.