Nilimufukuza Mianda juu ya clé ya client

Stany, mutoto wa mama Odile, ulipotelea wapi? Tangu tulizika mama yako haukanyagi kwangu, hata kuuliza kama nkambo angali anapumua. Leo unanitumia barua ku radio, ku kipindi yangu, kama mugeni. Haya, Blandine mujukuu wangu, basomee batu bote.

«Nkambo Numbi mupendwa, ninaomba unisaidie, roho yangu haitulii. Unajua niko na duka ya kuandikia batu kwa ordinateur, kompyuta, hapa Dilala, na vile courant ya umeme inakatika kila mara, tulizoea kufungua kazi ya client mule mule ndani ya clé yake, ile kidude ya kubebea kazi ya kompyuta, bila kuihamisha, ili giza ikitukamata kazi ibakie naye, na mi mwenyewe nikafungua kazi ya client mumoja vile, na kesho yake ordinateur zote zikafutika, kazi za banafunzi, barua za batumikaji benye kampuni ilifukuza, yote, baclient bakajaa ku mulango na makelele, na mi kwa woga nikamuonyesha kidole Mianda, muandikaji wangu, nikasema, “Ni huyu Mukasai ameniharibia, arudie kwao,” naye akachukua sakosi yake, mufuko wake, akatoka. Sasa fundi Tharcisse amenionyesha kosa: programu yetu, ikifungua kazi, inaita fichier, faili ya kuisaidia, na inaitafuta kwanza pale kazi imelala, ndani ya clé, mbele ya kuitafuta kwake yenyewe, mutu mubaya alificha mule fichier yenye jina lile lile, programu ikaipokea, nayo ikafuta yote. Mianda hakugusa kitu. Baclient bamenyamaza, lakini ninasikia yeye na mama yake banapanda treni ya Kasai hii juma. Ninyamaze, ao nimutume Rachelle wa pa duka na barua ya pole? — Stany Mbayo»

Pole, mutoto wangu. Pole imeisha. Sikiliza.

Mi sikusoma, lakini programu yako naielewa: ni mwanamuke anapika, anataka chumvi, na mbele ya kuangalia kwake anaingiza mukono mu kitunga ya mugeni, chochote cheupe anatupa mu chungu bila kuonja. Tharcisse aifundishe kutafuta kwake tu. Na wewe, hamisha kazi peke yake kwanza, ndipo uifungue, hata courant ikutukane. Hiyo ni ndogo.

Kubwa ni kinywa yako. Mwaka ule balifukuza Bakasai mu nyumba za kampuni, Mianda alikuwa angali ku mugongo ya mama yake Kabedi. Mi nilibapelekea maji pale gare ya treni. Kaka ya Mianda alifia pale, treni haijafika. Tulimuzika na kitenge yangu. Leo bei ya shaba imeanguka, kampuni zinafunga, kila mutu anatafuta wa kufukuza, na wewe, mutoto nilimubeba, unamurudishia Kabedi neno lile lile: barudie kwao. Juu ya clé! Haya yako iko wapi, Stany?

Ni Rachelle alimutukana? Ulimuchafua mbele ya batu, utamusafisha mbele ya batu. Usiseme radio imeshasema. Leo ita baclient bale bale ku mulango: «Ni mi nilifungua clé, Mianda hana kosa.» Batapiga makelele, acha bapige. Kisha enda kwa Kabedi na miguu yako, piga magoti. Usimuombe Mianda abakie, hiyo ni yake. Akisema anaenda, beba mizigo yake mpaka gare, batu bakuone.

Na siku utakuja kwangu, kuja muchana, ukae, unielezee Mianda alikujibu nini. Kama haujaenda kwake, usipige hodi.