Makohozi kwa Jina la Watiri

Jumatatu, 6 Machi 1978
Kikohozi wiki ya nne. Naamka shati limelowa chapachapa. Mgonjwa angeniambia hivi ningemfokea — ulikuwa unangoja nini! Lakini nikijiandika mgonjwa mimi, Bwana Oloo, mkuu wangu wa wilayani, atanisimamisha na dispensari ifungwe. Desemba nilienda likizo Machakos, hakuletwa dresa mwingine wa kudunga sindano. Wagonjwa kumi na mmoja wakakosa sindano siku ishirini. Mmoja tulimzika.

Alhamisi, 9 Machi
Nimetuma makohozi yangu mjini. Kwenye kikopo nimeandika jina la mgonjwa wangu Watiri. Amemaliza dawa tangu Novemba, amenenepa, anachuma chai. Amebakisha kipimo cha mwisho tu, na hana hata kohozi la kutoa. Majibu huja kwangu peke yangu. Mjanja mimi!

Ijumaa, 17 Machi
Vijidudu vimeonekana. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Naogopa kufa.
Halafu balaa lenyewe — safari hii nakala imepelekwa kwa chifu. Agizo jipya: aliyerudiwa na kifua kikuu alazwe mjini miezi miwili. Watiri ameshaambiwa.

Jumamosi, 18 Machi
Nilienda kwake kusema ukweli. Kikombe chake, sahani, blanketi, vyote viko nje. Watoto wamepelekwa kwa nyanya yao. Wahome, mumewe, akanishika mkono kwa mikono miwili, akashukuru nimegundua mapema. Nikanywa chai yao. Nikaaga, nikarudi na ukweli wangu. Mwoga mkubwa!

Jumatatu, 20 Machi
Nimemkuta Watiri mlangoni pa dispensari na kikapu cha nguo. Gari la hospitali linakuja saa nne. Hakulia. Aliuliza tu:
"Daktari, ni siku gani mimi niliruka? Ata siku ya mazishi ya mama nilikuja sindano."
Nikamwambia hakuruka hata moja.
"Sasa hii imerudi namna gani?"
Nikasema ngoja nitafute kadi yako. Kadi ninayo mfukoni. Nimejifungia stoo ya dawa, naandika huku nimebana kitambaa mdomoni. Nikisema, wale kumi wanabaki bila sindano, nami sina kazi. Nisiposema — wodi ya watu wanaokohoa, mzima yule, miezi miwili!
Saa nne kasorobo. Kikohozi kimenishinda, Watiri amesikia. Anabisha mlango. Anauliza kama aniletee maji.