Mama Yako Hakupaka Shingoni

Mtaa wa Pecan,
Greenwood, Mississippi.
9 Agosti 2019

Mpendwa mpwa wangu Verlinda,

Salamu kutoka kwenye joto. Natumaini wewe, Desmond na mtoto mna afya, na kwamba mvua ya Tacoma imewaachia japo jua kidogo. Kile kikohozi cha mtoto kimepona? Huku tu wazima, isipokuwa mama yako na saratani yake, na hata yeye jana alikula bamia za kukaanga akalalamikia chumvi. Nilimshukuru Mungu kwa lalamiko hilo.

Nilikawia kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, nami nilifundisha watoto sayansi maisha yangu yote nikiwaambia wasiandike kwa hasira. Nimengoja ipoe. Haikupoa.

Kosa wanalolifanya wengi ni kudhani kesi kama hii ya mama yako dhidi ya kampuni ya poda hushindwa kwa sababu kampuni ina mawakili wengi. Hushindwa mapema zaidi. Hushindwa pale mwanamke mwenye heshima zake anapoulizwa poda alikuwa akiipaka wapi, naye akajibu kwamba ni shingoni.

Ndivyo alivyojibu mama yako, Verlinda. Akiwa amekula kiapo.

Nikueleze, maana uko mbali. Poda ile ya watoto wachanga ni jiwe lililosagwa. Jiwe hilo huitwa talki, na mahali pengine ardhini hulala ubavu kwa ubavu na asbestosi, ile inayoua wachimbaji. Wanawake waliofungua kesi wanasema vumbi hilo, likipakwa sehemu za siri mwaka nenda mwaka rudi, hupanda ndani hadi kwenye ovari na kuleta saratani. Kampuni inasema poda yake ni salama. Madaktari nao hawajakubaliana wote, sitakudanganya. Ndiyo maana kuna mahakama. Lakini utaona mwenyewe: kila kitu kinategemea ilipakwa wapi. Ovari haziko shingoni.

Mahojiano yalifanyika katika ofisi ya wakili wetu, Bi. Pettway. Kulikuwa na kamera na mpiga chapa wa kuandika kila neno. Wakili wa kampuni alikuwa kijana mpole, ana sauti kama ya mchungaji msaidizi. Alimuuliza mama yako taratibu, kana kwamba anamwonea haya. Mama yako akanyoosha mgongo vile anavyosimama mlangoni mwa kanisa kukaribisha waumini na glavu zake nyeupe, akasema, "Shingoni, bwana. Na ndani ya viatu, wakati wa joto."

Kijana akamshukuru. Hakuuliza tena. Alikuwa amepata alichokuja kukitafuta.

Ndani ya gari nilishindwa kujizuia. "Shingoni, Earlene?"

"Ulitaka nimwambie nini? Mtoto wa watu amevaa tai."

"Ulikuwa umeapa."

"Mama alitulea hivi, Thad. Mambo ya huko hatukumwambia hata daktari, sembuse kamera."

Rafiki yake Mozelle alitukuta nyumbani na sahani ya kambare, na aliposikia habari hiyo alicheka hadi akaketi. Alisema wamekuwa wakienda kanisani wakinukia kama vichanga tangu enzi za soksi ndefu zenye mshono nyuma, na kila mmoja anajua mwenzake alipaka wapi. "Lakini waulize leo," akasema. "Utadhani usharika mzima ni shingo tupu." Mama yako hakucheka. Alikwenda kuosha sahani ambayo bado ilikuwa na samaki.

Nilimfuata. Hapo ndipo aliposema jambo ambalo limeninyima raha hadi leo. Alisema akitaja mahali penyewe, watu watauliza kwa nini alihitaji poda huko, na jibu litakuwa kwamba wanawake kama yeye wananuka.

Nani aliwaambia wananuka? Mwenye poda. Tangu tukiwa wadogo matangazo yaliwajia wao, katika magazeti yetu na redio zetu, yakiwaambia jasho la mwanamke mweusi ni aibu na dawa yake iko kwenye kopo. Bibi yako akaamini. Akampa mama yako kopo lake la kwanza alipovunja ungo, pamoja na glavu za kanisani, kama urithi. Waliwauzia aibu, na sasa aibu ile ile ndiyo shahidi wao. Hawakuhitaji hata kumlipa.

Usidhani mama yako anatafuta utajiri. Alisema akiwa amenipa mgongo, maji yakimwagika, "Nataka tu mtu aniambie si mimi niliyejiletea."

Bi. Pettway anasema maelezo yanaweza kurekebishwa, ila muda unakwisha kabla ya mwezi huu kwisha. Upande wa pili wanaweza kumwita tena wamuulize kwa nini amebadili kauli. Jibu la kweli, kwamba aliona haya, linatosha. Lakini lazima litoke kinywani mwake mwenyewe.

Mimi siwezi kumfikisha hapo. Mimi ni kaka yake. Kila nikianza anaongeza sauti ya redio, na kwaya inaniimbia hadi natoka jikoni. Wewe ulisimama naye utotoni katika bafu lile la nyumbani lenye mvuke. Wewe alikupa kopo lako wiki ile ile uliyovunja ungo, akakufundisha kama alivyofundishwa. Sikuulizi kama bado unatumia. Hilo kalizungumze na daktari wako. Lakini mama yako hatasema neno hilo mpaka alisikie kwanza kwa mtu asiyemwonea haya.

Mozelle anakusalimu, na Shangazi Lutricia anauliza lini mtamleta mtoto amwone kabla hajaota ndevu. Nisalimie Desmond. Bwana alinde kutoka kwenu na kuingia kwenu, na akuweke wewe mbali na kitanda kile cha hospitali alicholalia mama yako.

Leo hii, ukimaliza kusoma, mpigie mama yako simu, na wewe ndiye uanze kutaja mlikopaka.

Mjomba wako akupendaye, mwenye hasira bado,
Thaddeus Gilliam