Kaseti Niliyoiita Mbovu

Mujukuu wangu Furaha,

Natangaza rasmi kwamba kuku wa bibi yako ametaga juu ya kitanda changu. Sisi wengine tuko wazima.

Unauliza ni video gani uzitupe huko kwenye stage yako, hayo mafunzo ya kazi. Wakati wa vita nami nilifanya stage katika biblioteke, maktaba ya chuo, hapa Bukavu. Kaseti mpya za video hazikufika, basi tulirekodi masomo mapya juu ya zile za zamani. Maman Nsimire, mfagiaji wetu, akaniomba: "Papa, ile ya sherehe ya diplome usiifute. Mutoto wangu iko ndani. Tangu aende Shabunda sina habari yake."

Nilimwambia shefu wangu wa kazi kaseti hiyo ni mbovu, hairekodiki tena.

"Mbovu namna gani?"

"Mbovu sana, shefu."

Kila Ijumaa mama alikuja kuitazama. Humo kijana wake anaonekana mgongo tu. Basi, kabla ya kutupa video, uliza kwanza nani bado anakuja kuitazama.