Mama Mkwe Ameingilia Ushauri Wangu

Jumanne

Nusu saa nzima ya mshauri wa mtandaoni imeisha, na aliyeongea ni mama mkwe.

Mshauri, kaka mmoja mpole, aliniambia nitafute mahali patulivu. Nyumba yetu hapa Magomeni ina vyumba viwili tu, basi nikajifungia chumbani na simu. Ndiyo kwanza nasema, "Tangu mama mkwe ahamie kwetu kutoka kijijini kwake Ulaya, silali," mlango ukasukumwa.

"Mwanaume gani huyo?"

Mshauri akawahi: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hapo nilishashindwa. Akaketi kitandani, akachukua simu, akaeleza magoti yake, moyo kwenda mbio, mpaka mazishi ya marehemu mume wake. Akaambiwa avute pumzi taratibu, akavuta. Mimi nikimwambia apunguze sauti ya redio, hasikii.

Kisha akasema polepole, kana kwamba sipo, "Naogopa huyu binti atanirudisha Ulaya, nikafie peke yangu."

Na hilo ndilo nililotaka kuombea ushauri: namna ya kumrudisha. Nione aibu? Nimeona.

Mshauri akaniuliza, "Na wewe dada, ulikuwa unasemaje?"

Mama alikuwa amenishika mkono. Nikajibu kwamba mtandao unakatika.